Alasiri Tuliponunua Maji ya Mama Zuwena

Juzi lori la maji lilisimama mbele ya nyumba yetu hapa Ibra, Oman, kama linavyosimama kila bomba la mtaa linapoharibika, na dereva akavuta mpira wake kuupandisha kwenye tangi la juu ya paa. Mpira ulikuwa umetoboka karibu na kizingiti. Maji yakachuruzika, yakaangukia vumbi la uchochoro ambalo halijaona mvua tangu sijui lini, na harufu ikapanda. Nyinyi mliokulia nchi za mvua mnaipenda harufu hiyo, kwenu ni mwanzo wa msimu. Mimi hunifanya nitazame chini. Nilisimama pale mlangoni, mwanamke mzima mwenye watoto, nikahisi uso unawaka.

Nitawaelezeni kwa nini, na nitaanzia mwanzo, maana jambo hili halieleweki likianziwa katikati.

Tulihamia Al Qabil, mji mdogo wa jirani, kutoka Tabora nikiwa mdogo wa kutosha kusahau safari na mkubwa wa kutosha kukumbuka ladha ya asali ya kwetu. Majirani walituita Wazinjibari. Waliwaita hivyo wote waliorudi kutoka Afrika, na hakuna aliyejisumbua kuwasahihisha. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa hajapata kuiona bahari mpaka siku alipoivuka kwa ndege, na siku hiyo yenyewe alisinzia njia nzima. Lakini alipoitwa Mzinjibari dukani aliitikia kwa adabu zake zote, kisha akarudi nyumbani akicheka. "Mimi wa Tabora leo nimekuwa mtu wa Unguja," alisema. "Karafuu zenyewe nazijua za kwenye pilau tu."

Baba alipata kazi ya ofisini Ibra. Alikwenda kila asubuhi kwa gari, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kiarabu chake kilikuwa cha madrasa na cha wazee, na watoto wa mtaani walikiiga nyuma ya mgongo wake. Alijua, na ilimuuma. Alichokitaka Baba kwa moyo wote si kile cheo cha ofisini. Alilitaka shamba.

Babu yangu aliondoka Al Qabil kijana, akaacha kipande cha ardhi chenye mitende. Nyuma ya kaunta ya duka letu la Tabora Baba alilitaja shamba hilo mara nyingi hata wateja wakalijua. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu tulipofika, binamu yake aliyekuwa hajatoka Oman maisha yake yote, Ami Nasser, alitupeleka tukalione. Mitende ilikuwepo kweli, mirefu, yenye vumbi. Baba aliishika mmoja mmoja. Kisha akauliza maji yetu yanaingilia wapi.

"Ardhi ni yako, Hamadi," Ami Nasser alimwambia. "Maji si yako."

Baba alicheka, akidhani ni mzaha. Ami hakucheka.

Huku kwetu maji ya mashamba huja kwa falaji, mfereji unaoyaleta kutoka chini ya milima mpaka mjini kwa mteremko peke yake. Kunywa ni bure kwa kila mtu, na kutawadha ni bure. Lakini maji ya kumwagilia yana wenyewe. Yamegawanywa kwa muda: huyu ana saa yake, yule ana nusu saa yake, na saa hiyo huuzwa na kurithiwa mbali kabisa na ardhi. Babu aliiuza saa yake ili apate nauli ya kwenda Afrika. Bibi aliposikia habari hiyo akasema, "Kumbe mume wangu alikuja kunioa kwa maji."

Basi Baba akawa mtu mwenye mitende asiye na tone la kuinywesha. Ilimbidi aende mnadani kila wiki, maana sehemu ya maji ya falaji hupigwa mnada ili ipatikane fedha ya kuufanyia mfereji matengenezo, na wasio na saa zao, au wenye saa zisizotosha, hununua hapo. Mwaka wa kwanza haikuwa taabu. Mvua zilikuwa zimenyesha milimani na maji yalikuwa rahisi. Baba akapanda migomba katikati ya mitende, akapanda mchicha na mihogo. Ami Nasser alimwonya kwamba mgomba hunywa mno. Baba akasema mama yake anataka ndizi za kupika, naye atazila.

Mwaka wa pili mvua haikuja. Maji ya falaji, yaliyokuwa yakinifika magotini, yakawa ya kulowesha vifundo vya miguu. Migomba ikaanza kukunja majani. Watu waliopita nje ya ukuta wetu walisema ndizi za Mzinjibari zinakunywa kuliko ngamia. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini jioni, anavua viatu, anasimama katikati ya shamba mikono nyuma. Nilimwogopa akiwa hivyo. Ilikuwa kana kwamba shamba likifa, yeye atakuwa mgeni tena, na safari hii mgeni asiye na pa kurudi.

Alhamisi moja alasiri alinichukua mnadani. Watoto wa kiume ndio waliokuwa wakienda, lakini mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee, na pia nilikuwa najua Kiarabu cha mtaani kuliko yeye, nikimtafsiria maneno yaliyompita. Wanaume walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, wamejipanga, migongo ukutani. Pembeni kabisa, mbali nao kidogo, alikaa mwanamke mmoja mwenye barakoa ya kitambaa cheusi kilichong'aa usoni, kama walivyovaa wanawake wa umri wake. Huyo alikuwa Mama Zuwena. Nilimjua kwa kumwona tu, kwa sababu alikuwa akiuza ndimu kavu sokoni, zile nyeusi za kutia kwenye mchuzi. Ndimu hizo zilitoka kwenye miti yake mwenyewe.

Dalali alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alitembea mbele ya ukuta, kwenda na kurudi, akitaja kipande cha maji na siku yake, na watu wakatupa bei bila kuinua vichwa. Siku ile bei zilipanda upesi. Kila kipande Baba alijaribu na kila kipande kilimponyoka. Niliona shingo yake inalowa jasho.

Kisha dalali akataja maji ya Ijumaa, baada ya sala. Mama Zuwena akataja bei. Ilikuwa bei ndogo, ndogo hata nikamtazama.

Na hapo watu wakanyamaza.

Nimekikumbuka kimya kile miaka yote hii na naweza kuwaelezeni kilivyokuwa. Mmoja aligeuza kiatu chake akakagua soli. Mwingine akasogeza tasbihi haraka haraka. Kijana mmoja akaanza kukohoa, kisha akatazama mlimani kana kwamba ameitwa huko. Dalali mwenyewe alipunguza mwendo, na sauti yake ikawa ya chini, ya mtu anayemaliza kazi.

Baba akaongeza bei.

Dalali hakusikia, au alifanya kama hakusikia. Baba akarudia kwa sauti zaidi, kwa Kiarabu chake cha vitabuni. Dalali akasimama. "Nani? Wewe?"

"Mimi," Baba alisema, akapiga kifua.

Dalali alimtazama Mama Zuwena, akatazama chini, akatembea mara nyingine mbele ya ukuta akiitaja bei ya Baba polepole mno. Hakuna aliyeongeza. Mama Zuwena aliinuka, akajikung'uta vumbi, akapita mbele yetu. "Mungu akubarikie," alimwambia Baba.

"Na wewe, mama, Mungu akubariki!" Baba akajibu, kwa furaha, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa ukuta.

Njiani alininunulia halwa, tukaila kwa vidole ndani ya gari. "Umeona?" aliniambia. "Watu wa huku hawajui soko. Maji ya saa nzuri kama ile, wote wamekaa wanatazama viatu." Nami nilimwona baba yangu ni hodari kuliko wanaume wote wa Al Qabil. Kiarabu hakikuwa kimempita hata neno moja siku ile, kwa hiyo sikuwa na cha kumtafsiria.

Ijumaa baada ya sala tulikwenda shambani sote. Mama alibeba chupa ya chai ya tangawizi, Bibi akabeba vitumbua vilivyofunikwa kanga. Baba alifungua mlango wetu wa maji mwenyewe, akaliondoa jiwe na matambara yaliyouziba, na maji yakaingia. Yalikuja na ulimi wa takataka mbele, majani makavu na samadi na mchwa, yakiujaza mfereji mmoja kisha mwingine, na ardhi ikawa inayameza kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekunywa kwa pupa. Harufu ikatufunika. Bibi alichota kwa kiganja akajipangusa uso, akafumba macho. "Alhamdulillahi," alisema, "leo nimesikia harufu ya masika." Mimi nilivua viatu nikaingia mpaka matope yakanifika magotini, nikapiga maji kwa miguu, nikamrushia Mama, Mama akanirushia mimi. Baba alijaza birika kuukuu lililojengwa pembeni, lililokuwa halijashika maji tangu zamani za babu. Alikuwa akiimba.

Muda wetu ulipokwisha alikuja kijana wa shamba la jirani, akafunga mlango wetu akageuzia maji kwake, kama ulivyo utaratibu. Hakutusalimia. Nyuma yake aliingia Ami Nasser.

"Karibu chai, shemeji," Mama alisema.

"Nimekunywa."

Kwetu mtu hakatai kahawa wala chai ya shambani. Mama aliishusha chupa.

Ami alimwambia Baba waende pembeni, lakini Baba alikuwa amechangamka mno hakusogea, kwa hiyo tulisikia wote. "Hamadi, jana umemfanya nini Mama Zuwena?"

"Nimemfanya nini? Nimenunua maji. Mnada ni mnada."

"Mumewe alipofariki, saa yake ya maji iligawanywa kwa warithi. Yeye amebaki na kijisehemu, na mwaka huu hakifiki hata kwenye mizizi. Kila Alhamisi hutaja bei ya chini, na watu humwachia. Anatia maji miti yake ya ndimu. Ndimu haisubiri kama mtende."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hilo halisemwi. Likisemwa, ameshakuwa anaomba." Ami alitazama migomba yetu iliyokuwa inang'aa. "Hukuona watu wamenyamaza?"

"Niliona. Nikadhani hawana haja nayo."

"Wote wana haja nayo," Ami Nasser alisema.

Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Baba alitazama ardhi iliyolowa, akatazama matope kwenye miguu yangu. Nikaificha miguu yangu chini ya gauni, ingawa hakuna aliyeniambia.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuyarudisha. Lakini shamba la Mama Zuwena lilikuwa juu, karibu na mahali falaji inapoingia mjini, na letu lilikuwa chini kabisa, karibu na bonde. Maji yaliyofika kwetu yalikuwa yameshampita yeye, na hayajui kupanda. Yaliyobaki ni yale ya birika.

"Leteni ndoo," Baba alisema.

"Hamadi, utachekwa," Ami alimwambia.

"Nitachekwa. Wewe hubebi?"

"Mimi nimezaliwa hapa. Siwezi." Alisema hivyo kwa uso mzito, lakini alikwenda mbele kutufungulia njia na kumwarifu Mama Zuwena.

Njia kati ya kuta za mashamba ilikuwa nyembamba, gari halipiti. Baba alikunja kanzu yake ya Ijumaa kiunoni akabeba ndoo mbili. Mama akabeba moja. Bibi alitengeneza kata kwa kanga yake, akajitwika ndoo kichwani kama alivyojitwika Tabora usichana wake wote, akatangulia bila kumwaga tone. Nami nilipewa debe dogo la samli. Tukapanda kando ya falaji, tukibeba maji kwenda yanakotoka, na maji ya watu yakiteremka pembeni yetu.

Ilikuwa saa ambayo watu wote wako nje. Watoto waliacha mpira wakatufuata. "Wazinjibari wanairudisha falaji!" mmoja alipiga kelele. "Mzee, umesahau kuurudisha na mfereji!" Wanawake walifungua milango kidogo. Kila tulipokwenda na kurudi walikuwa wengi zaidi, na maji ya debe langu yalimwagika mengi kuliko yaliyofika, kwa sababu nilikuwa nikitembea nimejificha nyuma ya Mama. Niliomba ardhi ipasuke. Nilimchukia Bibi kwa ile ndoo ya kichwani, nikamchukia Baba kwa vifundo vyake vyembamba vilivyoonekana chini ya kanzu.

Mama Zuwena alikuwa amesimama kwenye miti yake. Baba alishusha ndoo, akaanza kutafuta maneno ya Kiarabu, na kwa mara ya kwanza mimi sikumsaidia. Alisema hakujua. Alisema tena hakujua. Mama Zuwena alimwacha amalize, kisha akanyoosha mkono.

"Anza na huu wa pembeni," alisema. "Ule mwingine hauna tena la kufanyiwa."

Tukamwaga alikotuonyesha. Hakutushukuru na hakutulaumu. Bibi, asiyejua Kiarabu cha zaidi ya salamu, alikaa kitako chini ya mti mmoja akawa anapasua udongo mgumu kwa vidole ili maji yazame, na Mama Zuwena, baada ya kumtazama kitambo, akachuchumaa upande wa pili akafanya vilevile. Birika lilikwisha kabla ya miti. Michache ilisalimika. Mingine ilikauka kabla ya mwezi kwisha, na msimu ule sikumwona sokoni.

Jumamosi shuleni wasichana walinisubiri getini. "Zinjibari, leo falaji inapanda au inashuka?" Nilikaa na swali hilo mpaka kufunga shule. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo aibu yetu, ndoo na kicheko. Nilipokua kidogo nikadhani aibu yetu ni ile bei aliyoongeza Baba. Sasa nadhani ninayoibeba mimi ni nyingine. Ni kwamba yale maji yalikuwa matamu mno miguuni, na mpaka leo, nikiwa mkweli, sijapata alasiri nzuri kuliko ile kabla Ami hajaingia.

Siku hizi maji yetu ya nyumbani yanatoka baharini. Yanaondolewa chumvi, yanasukumwa kwa mabomba mpaka huku, na bili inakuja kwenye simu. Nasoma habari za miji mikubwa ya dunia ambako mwenye bomba hulipa kidogo na asiye nalo hununua kwa ndoo kwa bei kubwa zaidi, na ninaposoma natafuta ukuta wa msikiti uko wapi katika miji hiyo. Hakuna mahali wanapokaa pamoja. Mwenye kufungua bomba hamwoni anayejikung'uta vumbi na kuondoka.

Lakini nilisema nitaanzia mwanzo, basi nisiruke mwisho: kuna kipande kimebaki.

Baada ya siku ile Baba aliendelea kwenda mnadani na hakununua. Alikaa mwisho wa ukuta, na Mama Zuwena alipotaja bei yake, Baba naye alitazama viatu. Maji mengine, hata yale aliyoweza kuyalipia, aliyaacha pia, kana kwamba amejifunga mdomo. Migomba ilianguka. Mihogo ikafa. Kisha mitende ya babu nayo ikaanza kushusha makuti, na Baba akaacha kwenda shambani jioni.

Alhamisi moja ya mwisho wa joto nilikuwa nimekaa naye. Dalali alitaja kipande cha maji, akafika mbele yetu, akasimama. Hakuna aliyetaja bei. Akarudia. Watu walikuwa wanashughulika na tasbihi na kanzu zao, na Mama Zuwena, kule pembeni, alikuwa akipanga mikunjo ya nguo yake magotini. Ami Nasser alimgusa Baba kwa kiwiko.

"Sema basi. Wanakusubiri."

Baba alitaja bei kwa sauti ambayo hata mimi niliye ubavuni mwake sikuisikia vizuri. Dalali akaisikia. Ilikuwa bei ya chini kuliko zote za siku ile, na hakuna aliyeongeza. Nilifurahi mno. Niliruka njia nzima hadi kwenye gari, nikimwambia, umepata, Baba, umepata rahisi. Yeye alikuwa akitembea nyuma yangu ameinamisha kichwa, nami nilidhani jua linamwumiza macho.

Nyumbani Mama alimwuliza amepata kwa bei gani.

"Ghali," alisema.

Nilifungua mdomo nimsahihishe, maana mimi nilikuwepo. Mama akanitazama, nikaufunga. Ilipita miaka mingi ndipo nilipokaa nikawahesabu moyoni wote waliokuwa ukutani alasiri ile, kila mmoja na shamba lake kavu alilorudi kulitazama, na Mama Zuwena na ndimu zake zilizobaki, na mimi mbele yao wote, nimewapa mgongo, ninarukaruka.